Maswali ya Meno: "Mama amebaki na chonge mbili, tuzing'oe?"

SWALI

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 69, tunaishi Pangani. Meno ya juu yalimwisha yote mwaka 2012, akawekewa ya bandia. Chini amebaki na chonge mbili, ya kulia na ya kushoto. Hazimuumi wala hazitikisiki. Miaka ya mwanzo yale meno ya bandia yalimkaa vizuri. Siku hizi yanapwaya, yanagonga akiongea, na tukialikwa kwenye shughuli anaomba afungiwe chakula akale nyumbani, hataki kula mbele za watu. Sura nayo imebadilika: mdomo umeingia ndani, kidevu kimechomoza, watu wanamdhania ana miaka 80. Jirani anasema meno yametanuka kwa chai ya moto. Tulimpeleka kwa fundi wa meno ya bandia, akasema chonge zitolewe kwanza ndipo atengeneze seti kamili ya juu na chini, iwe kazi safi. Mama amekubali, anataka yaishe. Mimi nasita. Tufanyeje?

Binti wa Pangani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu. Barua yako ilikuta nyingine zimetangulia, lakini nimeitoa mbele kwa sababu ina jambo lisilongoja: zile chonge msizitoe. Kama mmeshapangiwa siku, ahirisheni. Nitakueleza kwa nini, na itabidi nirudi nyuma kidogo.

Meno ya bandia hayatanuki kwa chai. Ile rangi ya waridi unayoiona ni akriliki, na chai haiiwezi. Maji yanayochemka ndiyo huipinda, kwa hiyo mama asiyaoshe kwa maji ya jikoni yanayotokota. Lakini kupwaya taratibu, mwaka baada ya mwaka, si kazi ya chai. Meno yale yako vilevile kama yalivyotoka kwa fundi mwaka 2012. Kilichopungua ni taya lililoyabeba.

Hapa kliniki nina rafu moja ndefu ukutani. Mgonjwa anayetaka meno ya bandia huchukuliwa kipimo kwa dawa laini inayoganda mdomoni, kisha ndani ya kile kipimo tunamimina plasta, tunapata sanamu ya taya lake. Kazi ikiisha, wengi huzitupa sanamu hizo. Mimi sikuweza. Niliandika mwaka kwa chini, nikazipanga. Yuko mama mmoja muuza samaki ambaye nina sanamu zake tatu za taya la chini: ya 1999, ya 2008 na ya 2021. Ukiziweka mezani kwa mfuatano, huhitaji daktari akueleze. Ya kwanza ina mwinuko mzuri wa mviringo, kama tuta la viazi lililopandishwa jana. Ya pili tuta limeshuka na limekuwa jembamba, juu limechongoka. Ya tatu ni bapa, na nyuma, palipokuwa na magego, pamebonyea kama njia ya maji. Ni mtu yuleyule, na hakuugua ugonjwa wowote wa taya.

Neno tuta nalitumia makusudi, maana ndivyo ilivyo. Taya lina sehemu mbili. Kuna mfupa wa msingi, ule mgumu wa chini, ambao ungekuwapo hata kama mtu angezaliwa bila meno. Juu yake kuna tuta ambalo huota pamoja na meno na kwa ajili ya meno. Kila mzizi wa jino umeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzi ndogo mno, maelfu kwa maelfu. Ukitafuna, jino hudidimia kidogo sana, zile nyuzi zinavutika, zinauvuta mfupa, na mfupa unajijenga. Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazokula wa zamani na seli zinazojenga mpya. Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaobebeshwa. Jino likitoka, nyuzi zinakufa, mvuto unakwisha. Seli zinazokula zinaendelea na kazi, na zile za kujenga hazina tena zinachojengea. Ni tuta ambalo viazi vimeshavunwa: mvua ya kwanza inalilaza, ya pili inalisawazisha na uwanja.

Sasa juu ya tuta hilo tunaweka meno ya bandia. Watu wanadhani yanachukua nafasi ya mizizi, kwamba mfupa utapata tena kazi. Hayafanyi hivyo. Mzizi unauvuta mfupa kutoka ndani, meno ya bandia yanaukandamiza kutoka juu, na mfupa wa tuta hauvumilii kukandamizwa. Mtafiti Antje Tallgren alifuatilia watu waliovaa seti kamili za meno ya bandia kwa muda wa hadi miaka 25, akiwapiga eksirei, akachapisha matokeo mwaka 1972. Mbele ya taya la chini walikuwa wamepoteza kimo cha milimita 9 hadi 10. Juu, milimita 2.5 hadi 3. Ina maana taya la chini lilipungua karibu mara nne ya la juu. Milimita 10 ni upana wa ukucha wa kidole chako kidogo, nawe jiulize tuta lenyewe lilikuwa na kimo gani tangu mwanzo.

Kwa nini chini kuumie zaidi? Meno ya juu yana kaakaa lote la kuegemea, kama sentimita 23 za mraba. Ya chini yamekaa juu ya utepe wenye umbo la kwato ya farasi, kama sentimita 12 za mraba tu, na katikati kuna ulimi usiotulia. Mtu mwenye meno yake yote ana kama sentimita 45 za mraba za mizizi iliyoshikwa na nyuzi katika kila taya. Mzigo uleule wa kutafuna muhogo, umeubebesha mahali padogo namna hiyo.

Na hapo ndipo inapotoka ile sura unayoiona kwa mama. Taya la juu hupungua kwenda juu na ndani, linakuwa dogo kama kikombe kinachozidi kuwa chembamba. Taya la chini hupungua kwenda chini na nje, linabaki pana. Yakikutana, la chini limelipita la juu. Mdomo wa juu hauna kinachouegemeza, unaingia ndani. Kimo cha uso kutoka puani hadi kidevuni kinafupika, taya linazunguka juu na mbele kutafuta la kukutana nalo, kidevu kinachomoza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa kibogoyo. Tambuu yake aliitwanga kwanza kwenye kinu kidogo cha chuma, nasi wajukuu tuligombania kumtwangia. Akiifumbata mdomoni, pua na kidevu vilikaribia kusalimiana. Tulidhani ndivyo uzee unavyomfanya mtu. Nilipofika Muhimbili kusoma ndipo nilipoelewa kuwa lile halikuwa umri tu, yalikuwa mapengo ya miaka arobaini.

Nirudi kwenye chonge. Chonge lina mzizi mrefu kuliko jino jingine lolote mdomoni, ndiyo maana mara nyingi ndilo la mwisho kuondoka. Chonge mbili za chini ni nguzo mbili zinazolishikilia tuta mbele ya taya, mahali palepale ambapo Tallgren aliona milimita 10 zikipotea. Mwaka 1978 watafiti Crum na Rooney walilinganisha makundi mawili kwa miaka mitano. Kundi moja walikuwa wameng'olewa meno yote ya chini. La pili waliachiwa mizizi ya chonge mbili, na meno ya bandia yakatengenezwa kukaa juu yake. Waliong'olewa yote walipoteza milimita 5.2 za mfupa wa mbele. Walioachiwa mizizi walipoteza milimita 0.6. Nimekuwa nikizibeba tarakimu hizo mbili kichwani kwa miaka mingi, na kila ninapoona mtu ameletwa "amaliziwe" meno mawili ya mwisho, ndizo ninazomtajia.

Kwa hiyo mpeleke mama kwa daktari wa meno, si kwa fundi kwanza. Fundi mzuri nampenda na siwezi kufanya kazi bila yeye, lakini uamuzi wa kung'oa si wake. Mwambie daktari hivi: tunaomba mizizi ibaki, meno ya bandia yakae juu yake. Atapiga eksirei aone mfupa ulioizunguka. Ikiwa mizima, atatibu mzizi kwa ndani, atalikata jino karibu na ufizi, libaki kama kifungo cha shati, alizibe juu. Fundi atatengeneza meno ya chini yanayofunika vile vifungo viwili. Mama ataweza kuhisi ugumu wa anachotafuna, maana nyuzi bado ziko hai. Wengi huniambia hilo ndilo linalowafurahisha kuliko yote. Sharti lake ni usafi. Vifungo hivyo visuguliwe asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floraidi, la sivyo vitaoza chini ya meno ya bandia pasipo mtu kuona.

Kuhusu meno ya juu: yanahitaji mapya, au angalau yawekewe tabaka jipya kwa ndani lifuate umbo la taya la leo. Miaka kumi na kitu ni mingi mno. Mwambie daktari apapase ufizi wa mbele juu. Kwa mtu aliyekaa muda mrefu na meno machache ya mbele chini, bila magego, na seti kamili juu, yale ya chini hugonga mbele tu, kila siku, na mfupa wa mbele juu huyeyuka ukaacha ufizi unaocheza kama nyama ya sikio. Meno yakitengenezwa juu ya ufizi huo bila kuuzingatia, yatapwaya tena kabla ya mwaka. Ndiyo maana mama anahitaji magego ya bandia chini, ili mzigo uende nyuma kwenye pande zote mbili.

Usiku ayavue. Ufizi unahitaji kupumua, na kulala nayo huleta fangasi, ule wekundu unaowaka kwenye kaakaa. Ayasugue kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini, ayalaze kwenye maji safi.

Nikuambie kinachonifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Nilianza kazi mwaka 1994 katika hospitali moja ya wilaya. Nilikuwa na koleo, nilikuwa na sindano za ganzi, na dawa ya kuzibia ilikuwa adimu. Watu walitembea tangu usiku kunifikia, uso umevimba. Niling'oa. Na mtu akiniambia, "Binti, toa yote nipumzike," nilitoa yote, pamoja na yale mazima, kwa sababu ilionekana huruma. Wengine walikuwa na miaka arobaini tu. Sikuwaambia kwamba ninachoondoa si meno peke yake. Baadhi yao niliwakuta tena baada ya miaka kumi na tano, wamekuja kutafuta meno ya bandia, na hapakuwa na tuta la kuyaweka.

SWALI

Daktari, salaam. Mimi ni nahodha mstaafu, nina miaka 76, naishi Kilwa Masoko. Nimekuwa na meno ya bandia juu na chini tangu 1991, hii ni seti ya tatu. Ya chini yanaelea mdomoni kama mtumbwi usio na nanga. Hilo nimelizoea. Jipya ni kwamba tangu mwaka jana nikiuma kitu upande wa kushoto napata kitu kama umeme, unapita kwenye mdomo wa chini hadi kidevuni, halafu panakufa ganzi. Nikiyavua, baada ya muda hali inatulia. Nimeambiwa ni presha. Ni kweli?

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni presha hapo. Naona mshipa wa fahamu unaokanyagwa.

Ndani ya taya la chini, kila upande, unapita mshipa unaoleta hisia kwenye meno, kisha unatokea nje kwa kitundu kilicho usawa wa meno yaliyo nyuma ya chonge, ukaenda kwenye mdomo na kidevu. Kwa kijana mwenye meno yake, kitundu hicho kiko katikati ya kimo cha taya, mbali na ufizi. Kwako wewe kitundu hakikusogea. Tuta ndilo lililoshuka likakifikia. Baada ya zaidi ya miaka 30 bila meno, kitundu kinaweza kuwa juu kabisa, kimefunikwa na ufizi tu, na meno ya bandia yanaketi juu yake. Ukiuma, unauminya mshipa kati ya akriliki na mfupa.

Fanya jaribio: osha mikono, pitisha kidole polepole juu ya ufizi wa kushoto bila meno. Ukifika mahali umeme unapotoka, umepapata. Mwoneshe daktari hapohapo. Dawa ya kwanza ni rahisi: meno yachongwe kwa ndani yaache shimo dogo mahali hapo, au yawekewe tabaka laini la ndani linalobonyea. Usiyachonge mwenyewe kwa kisu wala tupa. Nimeona yaliyochongwa hivyo, yakavunjika katikati ya chakula.

Lakini nisikilize kwa makini. Ganzi yako inatulia ukivua meno, na hilo linanipa utulivu. Ikija siku mdomo wa chini ukafa ganzi hata meno yakiwa kwenye glasi, au pakatokea uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, usingoje. Nenda upigwe eksirei wiki hiyohiyo. Ganzi ya mdomo isiyo na sababu inayoonekana inaweza kuwa dalili ya ugonjwa mbaya ndani ya mfupa. Vilevile chunga usianguke. Taya lililokonda namna hiyo huweza kuvunjika kwa pigo ambalo zamani lisingekuacha hata na alama.

Kuhusu kuelea, ipo nanga. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua kuwa mfupa hushikamana na madini ya titani kana kwamba ni sehemu yake, na mwaka 1965 akaweka vipandikizi vya titani kwa mgonjwa wa kwanza. Kipandikizi ni skurubu fupi inayofungwa kwenye taya. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, vipandikizi viwili mbele, na meno ya bandia yanayobana juu yake kama vifungo, ndiyo tiba inayostahili kufikiriwa kwanza. Mbele, usawa wa kidevu, mfupa wa msingi huwa umebaki hata kwa wazee wengi ambao nyuma pamekwisha. Umri wa miaka 76 peke yake si kizuizi. Daktari atauliza kuhusu sukari, sigara na dawa unazotumia, hasa dawa za kuimarisha mifupa. Gharama ni kubwa, sitakuficha, na kwa sasa utalazimika kusafiri kwenda mji mkubwa. Watoto wakikuuliza wakuletee nini, waambie hicho.

SWALI

Nina miaka 24, ni bodaboda Morogoro. Miezi mitatu iliyopita niling'olewa gego la chini. Ulimi unaingia kwenye shimo, na kwa nje ufizi umebonyea kuliko upande wa pili. Nimeharibiwa taya?

JIBU

Hujaharibiwa, kijana wangu. Hivyo ndivyo taya linavyofanya. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, tuta pale penye pengo hupoteza kama nusu ya upana wake, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu hii uliyoimaliza. Hupungua zaidi upande wa shavu, kwa kuwa ukuta wa mfupa wa upande huo mara nyingi ni mwembamba. Baadaye kasi inapoa.

Usilikalie pengo hilo miaka. Gego la nyuma yake litaanza kuinama mbele, na la juu lisilo na mwenzake litashuka kulifuata pengo. Kama lingekuwa gego la juu ndilo lililotoka, ningekuambia pia kwamba uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, nyuma ya shavu, huweza kuteremka na kuchukua nafasi ya mizizi. Onana na daktari sasa, wakati mfupa bado upo, akueleze kama utaweka daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani, au jino la kuvaa na kuvua, au kipandikizi utakapokuwa umejipanga kifedha. Na kama yapo mengine yanayouma ukinywa baridi, yazibwe mwezi huu. Jino linalozibwa linaubakiza mfupa wake.

SWALI

Shikamoo Daktari. Nasoma kidato cha 6, Songea, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia (PCB). Kitabu cha zamani cha anatomia kwenye maktaba yetu kina mchoro wa taya la mtoto mchanga, la mtu mzima na la mzee. La mzee limekuwa jembamba, na pembe yake ya nyuma imefunguka. Lakini babu yangu ana miaka 81, meno karibu yote anayo, anakula mahindi ya kuchoma, na sura yake haiko hivyo kabisa. Uzee ndio unaobadilisha taya, au kukosa meno?

JIBU

Marahaba. Umeuliza swali ambalo wachoraji wa vile vitabu hawakujiuliza, na nimelifurahia sana.

Naujua mchoro huo. Vitabu hivyo vinasema pembe ya taya ni kama nyuzi 175 kwa mtoto mchanga, inafika 110 hadi 120 kwa mtu mzima, na inarudi kama 140 uzeeni, na kitundu cha mshipa wa fahamu kinaonekana karibu na ukingo wa juu. Ukiutazama vizuri utaona yule mzee hana hata jino moja. Walichora kibogoyo, wakaandika chini yake "mzee". Katika nyakati zao mambo hayo mawili yalikwenda pamoja mara nyingi kiasi kwamba hawakuona haja ya kuyatenganisha. Babu yako ameyatenganisha.

Uzee wenyewe hufanya kazi yake, nisikudanganye. Mifupa ya mwili mzima hupoteza uzito, kwa wanawake zaidi baada ya hedhi kukoma, na taya halikuachwa nje. Misuli ya kutafuna hulegea, na pale inaposhikia mfupa hulainika. Hata mtu mwenye meno yote, uso wake wa 80 si ule wa 30. Lakini lile tuta, lile linaloamua kama mdomo utaingia ndani na kidevu kitachomoza, linasimama maadamu mizizi imesimama na ufizi ni mzima. Nasema ufizi ni mzima kwa sababu ugonjwa wa fizi hula tuta jino likiwa bado mahali pake. Damu unapopiga mswaki ndiyo dalili ya kwanza, na sigara na sukari isiyodhibitiwa huuharakisha. Muulize babu alikuwa anatumia nini. Kama ni mswaki wa mti, akuoneshe ni mti gani na anavyousugua.

Na kwa kuwa unapenda mambo ya anatomia, nikupe moja la kupeleka darasani. Huko Dmanisi, nchini Georgia, wachimbaji walipata fuvu la mmoja wa jamaa wa kale wa binadamu, aliyeishi karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2005. Alikuwa kibogoyo, na si kwamba meno yalidondoka baada ya kufa: matundu yalikuwa yameshajifuta na tuta limelala, jambo linaloonesha aliishi miaka kadhaa bila meno. Wapo watafiti wanaoamini kwamba wenzake walimtafutia vya laini akala, na mimi kila nikiitazama picha ile nawaza ni nani alikuwa akimpondea.

Utafute picha ya taya lake la chini ukipata intaneti. Mfupa umelala bapa pande zote, isipokuwa mahali pamoja mbele, kushoto, ambapo tundu bado limesimama na kuta zake. Ni tundu la chonge.